Bandu Bandu Huisha Gogo: Ukweli Kuhusu Dawa za Kupunguza Unene

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo tuna swali ambalo akina mama wengi huuliza kwa sauti ya chini, mtoto akishapimwa kliniki: "Sista, ile dawa ya kupunguza tumbo ni ya kweli?"

Dawa hiyo huja kwa sura nyingi. Kuna chai ya pakiti, kahawa, vidonge na unga wa kukoroga. Hupigiwa debe sokoni, saluni na kwenye simu. Maneno ni yale yale: kilo tano kwa wiki moja, bila kujinyima chakula, bila jasho, na ni mitishamba tupu.

Ndani ya pakiti mna nini?

Chai nyingi za aina hii zina majani ya sanamaki. Sanamaki twaijua hapa Pwani tangu zamani: ni dawa ya kufungua choo. Ukiinywa utaharisha, na asubuhi ukipanda mizani utaona umepungua. Lakini kilichotoka ni maji na choo. Mafuta ya mwilini hayatoki kwa kuharisha. Ukila na kunywa maji, uzito unarudi pale pale.

Ukiendelea kuinywa kila siku, mwili hupoteza maji pamoja na madini, hasa potasiamu, ambayo moyo na misuli huitegemea. Ndipo mtu hulegea miguu, husikia kizunguzungu, na moyo hupiga ovyo. Nawe unayemeza vidonge vya kupanga uzazi, sikiliza vizuri: ukiharisha sana, kidonge chaweza kupita kabla hakijaingia mwilini sawasawa. Waweza kutafuta kiuno chembamba ukaambulia mimba.

Hatari ya pili haiandikwi kwenye pakiti. Kulikuwa na dawa ya unene iitwayo sibutramini. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, kwa sababu ilipandisha presha na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Tangu hapo, wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge na kahawa zilizoandikwa "asilia". Presha mara nyingi haina dalili. Mama anaweza kuwa nayo bila kujua, akameza kitu kama hicho, na nyumba nzima ikabaki ikiuguza mtu aliyepooza.

Zipo pia dawa za unene za hospitali, zikiwemo sindano za siku hizi za semaglutaidi. Hizo hutolewa kwa cheti cha daktari, baada ya vipimo, na mtu akiziacha uzito mwingi hurudi. Sindano bandia nazo zimeingia: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu yake. Usichomwe sindano ya unene saluni wala nyumbani kwa mtu. Dawa halali hapa Kenya husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na huuzwa na mfamasia anayeweza kujibu maswali yako.

Unene ulivyoingia

Hatusemi kila mama awe mwembamba. Unono kwetu ni sifa, na hakuna aibu ndani yake. Tatizo ni mafuta yanapozidi, hasa tumboni, kwani huandamana na presha na kisukari. Chukua tepu ya fundi cherehani ujipime usawa wa kitovu. Kwa mwanamke, ukizidi sentimita 88, njoo tupime presha na sukari.

Wala si wewe peke yako. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2008-09 ulionyesha mwanamke mmoja kati ya wanne hapa Kenya, wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi. Mwaka 2014 walikuwa mmoja kati ya watatu. Maisha yamebadilika. Tunapanda matatu kwa safari fupi, tunakaa kutwa penye biashara, na mafuta ya kupikia yako kila duka. Mzazi naye hupewa uji na supu siku arobaini, kisha huendelea kula vile vile arobaini ikishapita. Mkaja hushikilia tumbo, lakini hauyeyushi mafuta.

Njia ya kweli

Uzito ulioingia kidogo kidogo hutoka kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Anza na sukari. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12 kwa siku. Ongeza soda moja ya mililita 300, yenye takriban vijiko vinane, unafika 20. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi kama vijiko 12, na vikiwa chini ya sita ni bora zaidi. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, wiki hadi wiki. Ulimi utazoea.

Pili, mafuta. Acha kumimina kutoka mtungini. Pima kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ambazo mtu wa kawaida hutumia akitembea upesi kwa dakika 25 hivi. Mahamri, viazi karai na bhajia viwe vya siku moja moja. Hata wakati wa Ramadhani, futari ikiwa yote ya kukaanga, kufunga hakutapunguza unene.

Tatu, sahani. Nusu iwe mboga kama mchicha au kabichi, robo iwe sima au wali, robo iwe samaki, maharagwe au mbaazi. Usipike chungu chako peke yako. Nyumba nzima ile hivyo, watoto na mzee wao.

Nne, miguu. Tembea upesi dakika 30, siku tano kwa wiki. Huhitaji viatu vya michezo. Tafuta jirani mwende pamoja asubuhi, au shukeni matatu kabla ya kituo chenu.

Je, hili linafaa kweli? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulihusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliobadili chakula, wakatembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia saba ya uzito, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mama wa kilo 85, asilimia saba ni kilo sita. Jipe miezi sita, yaani kama kilo moja kwa mwezi. Jipime mara moja kila wiki mbili, kwenye mizani ile ile, na uandike, kama tunavyoandika kadi ya mtoto.

Kama umeshaanza kutumia

Acha, kisha njoo na pakiti kliniki. Hatutakugombeza. Usiache dawa zako za presha wala za kisukari. Ukiumwa kifua, ukizimia, mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na anayekonda bila kujitahidi asifurahie. Apimwe kifua kikuu na sukari.

Mambo ya kukumbuka

1. Kilo zinazotoka kwa kuharisha ni maji, na hurudi.
2. Neno "mitishamba" si kinga. Waweza kuwa na dawa iliyofichwa.
3. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasipewe dawa hizi kamwe.
4. Punguza sukari na mafuta, ongeza mboga, tembea.
5. Kupima presha kuje kabla ya kitu chochote cha unene.

Msikilizaji, mweleze na jirani ambaye hakusikia. Tukutane kipindi kijacho, inshallah. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)