Boksi limeshakatwa: hasara ni ya nani?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mtendeni, Tabora

Ijumaa mbili zilipita, na ndugu wawili waliozoea kukutana msikitini hapa kwetu Mtendeni hawakupeana salamu. Mmoja ni mama mjane anayeuza juisi na maziwa mtindi barazani kwake. Wa pili ni mwenye duka la vyombo vya umeme, mtu mpole, asiyekosa sala ya jamaa. Kilichowatenganisha ni kipande cha boksi kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Tunalieleza jambo hili kwa idhini yao wote wawili, bila ya kuwataja majina, kwa kuwa tunaamini linaweza kuifika nyumba yoyote ya Kiislamu.

Mama yule alinunua jokofu kwa shilingi 680,000. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa mkopo usio na riba kutoka katika kikundi cha akina mama wa madrasa. Juu ya boksi palikuwa na tangazo la msambazaji wa Dar es Salaam: mnunuzi akate kipande chenye namba ya bidhaa, akitume pamoja na risiti halisi ndani ya siku 14, naye atarejeshewa shilingi 50,000. Siku ya tatu mama alikata, akafunga bahasha, akaipeleka Posta. Siku ya tisa jokofu likaacha kugandisha.

Asubuhi iliyofuata alilirudisha dukani. Mwenye duka akamwonesha sharti lililobandikwa ukutani: bidhaa hurudishwa ikiwa ndani ya boksi lake kamili, pamoja na risiti halisi. Mama hakuwa na boksi kamili, na risiti ilikuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Shilingi 50,000 nazo zilikuwa hazijafika.

Masharti mawili yasiyokaa pamoja

Kamati ilipoketi nao baada ya sala ya Isha, jambo la kwanza tulilobaini ni kwamba hapakuwa na mwongo kati yao. Mama alifuata sharti la msambazaji neno kwa neno. Mwenye duka naye alikuwa amefungwa na sharti la huyo huyo msambazaji, ambaye hapokei chombo kibovu kisichokuwa na boksi kamili. Anayetaka marejesho ni lazima aliharibu boksi, na anayetaka kurudisha chombo ni lazima alitunze. Mtu mmoja hawezi kuyatimiza yote mawili, na hakuna aliyemwambia mama hivyo kabla hajatoa fedha zake.

Wenzetu wa Marekani wameishi na utaratibu huu kwa miaka mingi. Mnunuzi hulipa bei kamili, kisha hutuma kwa posta fomu, risiti na kipande cha boksi, akasubiri hundi kwa wiki kadhaa. Wauzaji wanajua kwamba wanunuzi wengi watavutwa na bei ya chini iliyotangazwa, kisha wasitume chochote, au watume wakiwa wamekosea sharti dogo. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ililibana duka la kompyuta la CompUSA kwa sababu ya ahadi za marejesho ambazo wateja hawakulipwa kwa wakati au hawakulipwa kabisa.

Tabora nayo inaujua umbali wa kurudisha mali tangu enzi za misafara. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora yetu ya leo, tarehe 7 Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne ya kutembea kwa miguu. Mfanyabiashara aliyefungua robota la merikani hapa Unyanyembe akakuta limeoza hakuwa na wa kumrudishia. Ilimpasa akague mzigo pwani kabla haujapanda begani kwa mpagazi. Leo basi hufika Dar es Salaam kwa siku moja, lakini mama wa Mtendeni bado anashindana na mtu asiyemwona, aliyeandika sharti akiwa mbali.

Fiqhi inasemaje?

Sharia haikumwacha mnunuzi bila ya mlango. Mafaqihi wanataja hiari ya mkao, yaani kila mmoja anaweza kuvunja mauzo maadamu hawajaachana. Ipo hiari ya sharti, ambayo katika madhehebu ya Imam Shafi'i haizidi siku tatu. Na ipo hiari ya aibu, pale bidhaa inapodhihirika kuwa na kasoro iliyokuwapo kabla mnunuzi hajaipokea. Bango la “mali ikiuzwa hairudishwi” haliifuti hiari hii ya tatu. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, muuzaji anayejivua dhamana ya kasoro husalimika tu katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Jokofu si mnyama.

Ndiyo maana swali la kwanza lilikuwa la fundi, si la sheikh. Mwenye duka aliamini kwamba umeme wa mtaani, unaopanda na kushuka, ndio ulioua chombo. Tulimwita fundi waliyemkubali wote wawili. Alikuta gesi imevuja mahali bomba lilipounganishwa kiwandani. Kasoro, basi, ilikuja pamoja na chombo.

Swali la pili lilihusu boksi lililokatwa. Hilo lilikuwa pungufu jipya lililotokea mikononi mwa mnunuzi. Mafaqihi wanasema kwamba pungufu jipya likitokea, mnunuzi hawezi tena kumlazimisha muuzaji apokee mali kana kwamba haikuguswa. Hata hivyo haki yake haifi. Wanaweza kukubaliana airudishe pamoja na fidia ya pungufu lile, au abaki nayo na alipwe tofauti ya thamani kwa kasoro ya zamani.

Msingi wa uadilifu huu tunauona katika hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama aliyefungwa chuchu ili aonekane ana maziwa mengi. Mnunuzi aliyedanganyika aliruhusiwa kumrudisha, lakini alitakiwa atoe pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Kutumia sehemu ya manufaa hakukumnyima haki ya kurudisha, na haki ya kurudisha haikumpa manufaa yale bure. Sisi tunaoishi katika mtaa wenye jina la mtende hatuna udhuru wa kuisahau pishi ile ya tende.

Walivyokubaliana

Mwenye duka alilipokea jokofu na kurejesha fedha, akikata shilingi 10,000 za boksi, kiasi walichokikadiria pamoja. Kwa siku tisa za matumizi hakudai kitu, kwa kuwa kanuni inasema manufaa humfuata anayebeba dhamana: lau jokofu lingeungua siku zile, hasara ingekuwa ya mama.

Zilibaki shilingi 50,000. Mama aliuliza kwa unyofu: zikifika, ni zangu? Tulimjibu kuwa fedha ile iliahidiwa kwa sababu ya ununuzi, na ununuzi umekwisha kuvunjwa. Kurudishiwa bei na kupokea marejesho juu yake ni kula mara mbili. Hakusita. Tulimsaidia kuandika barua ya kufuta dai lake na kuomba risiti na kipande cha boksi virudishwe, ili mwenye duka naye apate njia ya kudai kwa msambazaji.

Mpaka tunaandika makala hii barua haijajibiwa. Jokofu bovu limeegemezwa ukutani katika stoo ya duka, na aliyelibeba ni mwenye duka wa Tabora. Aliyeweka masharti mawili yanayopingana hajapoteza hata senti. Hatuwezi kusema kwamba uadilifu umetimia. Tunachoweza kusema ni kwamba ndugu wawili wanasalimiana.

Nasaha kwa familia

Kwanza, hesabu bei kamili. Usiponunua chombo kwa 680,000, usikinunue kwa sababu ya 50,000 ambazo huna mkononi.

Pili, usikate boksi mapema. Ukiwa na siku 14, kijaribu chombo mchana na usiku, kisha utume siku za mwisho, ukiacha nafasi ya safari ya bahasha.

Tatu, kabla ya kutuma, piga picha boksi pande zote na utoe nakala ya risiti. Wino wa risiti za mashine hufifia, na nakala hubaki.

Nne, muulize muuzaji mbele ya shahidi: “Nikishakata boksi, mtanipokelea kikiharibika?” Jibu liandikwe nyuma ya nakala. Mkataba wa maandishi umeamrishwa katika Qur'ani kwenye deni, na faida yake inafika hata hapa.

Tano, suluhu ikishindikana, ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahiki. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kuwapotosha walaji.

Kwa wauzaji tuna neno moja. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamtaka mwenyewe auweke juu watu wauone. Sharti linalomnyima mnunuzi haki yake ni unyevu wa namna hiyo. Liwekwe juu, lisomwe kabla ya fedha kutolewa. Na anayemkubalia nduguye aliyejuta kuvunja mauzo ameahidiwa msamaha wa Mola wake, malipo ambayo hayahitaji risiti wala kipande cha boksi.

Wabillahi tawfiq.