Kutoka Kipande hadi Mkataba

Kwa sababu ya makato mapya ya Februari 2026 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, wiki nzima waajiri wadogo kutoka Misikhu hadi Kiminini wamekuwa wakinipigia simu na swali moja: sasa nikate ngapi? Nitawajibu, ila kwanza niwaonyeshe mkebe.

Uko nyumbani kwetu. Ni wa bati, unatosha kiganjani, na juu una vitundu viwili vya kupitishia kamba. Kuka, babu yangu mzaa baba, aliuvaa shingoni miaka yote aliyokama ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Kitale. Ndani mlikaa kipande, hati ya kikoloni ya kuandikishwa: jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na nafasi ya tarehe ya kuachishwa. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kufuli. Bwana shamba asipoijaza na kutia sahihi, kuka hangeweza kuandikwa kazi kwingine; akitoroka, alama za vidole zinamfuata na mahakama inamfunga kama mhalifu.

Sheria ya 1915 iliwalazimu wanaume Waafrika tu kubeba kipande, kuanzia umri wa miaka 16. Waliokaa na familia zao mashambani, maskwota, walibanwa pia na sheria ya 1918 iliyowadai siku zisizopungua 180 za kazi kila mwaka. Hasira ya kipande ilikuwa miongoni mwa zilizojaza watu barabarani Nairobi Machi 1922, mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa. Hata hivyo kilidumu hadi sheria ya 1947 ilipoamuru watu wa rangi zote waandikishwe. Leo kitambulisho tunakiita kipande bila kukumbuka shingo za wazee wetu, na hilo huniuma.

Ndiyo maana Sheria ya Ajira ya 2007 naiheshimu sana. Karatasi ni ile ile, lakini mzigo umehamia begani pa mwingine. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayeuandaa ni mwajiri. Mkifika mahakamani naye hana karatasi, ni juu yake kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Baada ya kuachana, anahifadhi kumbukumbu hizo miaka mitano.

Sasa makato. Ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwako, ila kuanzia Februari 2026 kikomo cha mshahara unaokatwa ni shilingi 108,000 badala ya 72,000. Mwenye mshahara wa 15,000 bado anakatwa 900 yake nawe unatoa 900 yako, kama hapo awali. Anayeguswa ni wa zaidi ya 72,000. Wa 108,000 anatoka 4,320 hadi 6,480, nawe unaongeza kiasi hicho hicho. Wangapi hapa Misikhu wanalipa mshahara huo?

Linalowahusu hasa ni kibarua. Jumamosi, mwenye posho mill mmoja sokoni alinifungulia daftari lake: "kijana wa magunia, 400", ukurasa baada ya ukurasa, tangu Machi. Hakuna jina wala sahihi. Kwa sheria, kibarua ni wa siku moja, anayelipwa jioni. Akifululiza hadi siku zake kutimia mwezi, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Kumficha mtu ndani ya neno "kijana" ni dhuluma, nami nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Akaniuliza: kijana hasomi, atatiaje sahihi? Nikamjibu kwamba sheria inakubali dole gumba, mradi amesomewa masharti kwa lugha anayoielewa. Tulimsomea kwa Kibukusu, kifungu kwa kifungu, mashine ikiwa imezimwa. Alipofika penye mshahara alituomba turudie. Kisha akapangusa unga kwenye suruali, akakibonyeza kidole katika wino, na nakala moja akaondoka nayo.