Mbuzi Akiugua Afungi, Nani Analipa?

Mbuzi akiugua hapa Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, dawa yenyewe haimfilisi mtu. Kinachomfilisi ni njia. Dawa ya minyoo ni pesa ya kitoweo cha siku moja, na chupa moja ya oksitetrasaiklini inatibu mbuzi kadhaa. Lakini dawa hiyo iko Palma mjini siku ikiwepo, na isipokuwepo inavuka mto Ruvuma kutoka maduka ya dawa za mifugo ya Mtwara, Tanzania, na kila mkono inapopita inapanda bei. Afisa mifugo wa wilaya ni mtu mwema, ila pikipiki yake inataka petroli. Ukimwita aje Quitunda, Senga au Maganja, unalipia kwanza petroli ya kuja na ya kurudi, ndipo mnazungumzia sindano. Nimeshika bili kwa mkono wangu ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa petroli.

Daktari wa mifugo mwenye shahada ni safari nyingine kabisa. Kitivo cha Veterinari cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kiko Maputo, na kutoka Palma hadi Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,500. Hata Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ni karibu zaidi kwetu ingawa ni nchi ya watu.

Mimi ni mchanjaji wa kuku. Nilizaliwa Quitupo, nikasomea Mtwara kwa mama mdogo, nikarudi nyumbani kuolewa. Kijiji chetu kilipopisha mradi wa gesi, tukaletwa Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu. Nafuga mbuzi, nafuga kuku, na majirani huniita hata kwa mambo yasiyohusu kuku kwa sababu mimi niko karibu na petroli sihitaji. Siku hizi swali linalonijia zaidi ni la bima. Vijana wamesikia kwenye simu kwamba huko Ulaya mbwa ana bima, kwamba ng'ombe wa Kenya wana bima, na wanataka kujua kwa nini mbuzi wa Palma hana.

Huko Ulaya ni kweli. Uswidi walikuwa na bima ya mbwa tangu mwaka 1924. Uingereza leo kampuni za bima hulipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka kwa matibabu ya wanyama wa nyumbani, na bei za madaktari zimepanda hata mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ikaanza kuzichunguza mwaka 2023. Mwenye mbwa analipa kila mwezi. Mbwa akiugua anampeleka kliniki, analipa bili, kisha anapeleka madai. Hapo ndipo wengi hushangaa. Sehemu ya kwanza ya gharama anaibeba mwenyewe kama mkataba unavyosema. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima haulipwi. Ugonjwa uliotokea ndani ya siku za mwanzo za mkataba, wakati wa kungojea, nao haulipwi. Na kampuni haitazami mbwa, inatazama karatasi: faili la daktari, tarehe, jina la ugonjwa, chanjo kama zilikwenda kwa wakati.

Bima ya ng'ombe wa maziwa, kama inavyouzwa Kenya na Tanzania, inafuata njia hiyohiyo. Kabla ya mkataba daktari anampima ng'ombe, anamkadiria thamani, na ng'ombe anavishwa hereni yenye namba. Akifa, mwenye mali anatakiwa kutoa taarifa upesi, mzoga usizikwe kabla daktari hajaupasua na kuandika sababu ya kifo, zipigwe picha, na hereni ionekane. Hereni ikikosekana, madai yanakwama.

Sasa chukua utaratibu huo uulete kwetu. Mbuzi kafa usiku kwa jirani yangu. Joto la pwani hii linajulikana. Saa nne asubuhi mzoga umeshaanza kuvimba. Daktari wa kuupasua atoke wapi? Mbuzi mwenyewe hana hereni, hana kadi, na thamani yake ameikadiria mwenyewe kichwani. Kampuni ikikataa kulipa, kwa sheria yake imesema kweli, na jirani yangu kwa haki yake amedhulumiwa.

Ndiyo maana kwetu huitwa jirani. Siku moja mzee mmoja wa mtaa wetu aliponiita nikaenda na mkoba wangu wa kuku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu jike anakula lakini anakonda. Niambie kama namuuza au namtibu."

Nilimshika mbuzi kichwa, nikabonyeza kope la juu kwa kidole gumba na kulishusha la chini kwa kidole kingine, nikatazama nyama ya ndani ya kope juani. Wataalamu wa Afrika Kusini waliutengenezea ukaguzi huu kadi ya rangi, nao unaitwa FAMACHA. Nyama ikiwa nyekundu iliyokolea, mbuzi ana damu ya kutosha. Ikianza kuwa ya waridi, mwangalie. Ikiwa nyeupe, minyoo ya tumboni inamnyonya damu na muda ni mfupi. Ya huyu jike ilikuwa nyeupe, na chini ya taya palikuwa pamevimba, laini ukipabonyeza, dalili nyingine ya ugonjwa huohuo. Dawa ilipatikana kwa shangazi mmoja aliyekuwa ameiweka akiba. Tulimpima mbuzi kwa kamba kifuani kukisia uzito, tukamnywesha, na mzee akaambiwa asimchunge kwenye majani mafupi yenye umande. Mbuzi yule alipona akazaa. Matibabu hayo hayakuzidi bei ya kilo chache za sukari, kwa sababu hapakuwa na safari ndani yake.

Nataja kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha bili ya daktari wa mifugo kwetu imejengwa na nini. Ukitoa umbali, inashuka mpaka mtu maskini anaiweza. Bima yoyote inayokuja kulipia umbali, bila kuupunguza umbali wenyewe, itakuwa ghali siku zote.

Wakenya walikabili tatizo lile la ushahidi, la mzoga na hereni, kwa njia inayostahili kueleweka vizuri. Januari 2010, huko Marsabit, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pamoja na washirika wake ilianzisha bima ambayo haimtazami mnyama kabisa. Setilaiti inapiga picha ya malisho na kupima kijani chake. Kijani kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila aliyekata bima katika eneo lile analipwa, mifugo yake iwe imekufa au imesalia. Hakuna mzoga wa kupasuliwa wala hereni ya kutafutwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, mwaka wa ule ukame mkubwa wa Pembe ya Afrika. Mkenya Andrew Mude, mwanauchumi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa mwaka 2016 tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani. Serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake mwaka 2015, ukianzia Turkana na Wajir, na kuwalipia wafugaji wasio na uwezo ada ya bima ya hadi ng'ombe 5 au thamani yake. Baadaye malipo yakawa yanatoka mapema, malisho yanapoanza kukauka, ili mfugaji anunue chakula na maji mnyama angali hai. Naona hilo ndilo badiliko lililo bora kuliko yote, kwani hakuna fidia inayolingana na jike mwenye mimba aliyesimama kwa miguu yake.

Wajir nako kulizuka jambo linalotuhusu sisi Waislamu wa pwani. Watu wengi walikataa bima ya kawaida kwa sababu ya riba na bahati nasibu wanazoziona ndani yake. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaleta bima hiyohiyo ya setilaiti kwa mfumo wa takafuli: wanachama wanachangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, mfuko unasimamiwa kwa ada inayojulikana, na kinachobaki ni haki ya wachangiaji. Mashehe wa Palma nilioongea nao hawaoni ubaya katika umbo hilo. Wanauliza tu nani atashika daftari.

Lakini setilaiti inaona ukame tu. Haioni minyoo, haioni kupe, haioni sotoka ya mbuzi na kondoo. Na pwani yetu mvua za Desemba hadi Aprili huleta majani mengi kuliko mbuzi tulio nao. Hapa mbuzi huuawa na maradhi. Sotoka hiyo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko Ngorongoro, na mwaka 2009 ilikuwa imeshafika Tandahimba, ng'ambo tu ya Ruvuma. Wataalamu waliifuatilia hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mbuzi mwenye makamasi mazito, matongotongo, vidonda mdomoni na kuhara kwa pamoja, usimpeleke sokoni wala usimchanganye na wenziwe. Toa taarifa siku hiyohiyo. Chanjo yake ipo, na ni ya aina ya kumkinga mnyama kwa miaka kadhaa.

Kuna pia jambo la pili ambalo setilaiti haioni, na mikataba ya bima hulitaja kwa jina ili isililipie. Ni vita. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa na waasi. Maelfu walikimbilia Quitunda kwetu, wengine porini, wengine baharini kwa mashua kuelekea Pemba. Mtu anayeokoa watoto hafungui zizi. Waliorudi baadaye walikuta zizi tupu, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha alikuwa na mbuzi wangapi. Ukisoma mkataba wa kawaida wa bima utaona vita, uasi na ghasia viko kwenye orodha ya yasiyolipwa. Kila mkazi wa Cabo Delgado anayefikiria bima asomewe ukurasa huo kwanza, kwa lugha anayoisikia, kabla hajatoa hata meticali moja.

Kinga ninayoiamini mimi ninaibeba mkobani. Mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri, ukiingia kijijini unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa wiki chache. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na Peter Spradbrow na wenzake, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Msumbiji ni miongoni mwa nchi zilizoifanyia kazi mapema, tangu miaka ya 1990. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini haivumilii jua. Kichupa nakifunga kwa kitambaa kibichi, nakiweka kwenye kikapu chenye upepo. Naanza alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Mwenye kuku anamlaza ubavu, mimi nadondosha tone moja jichoni, nangoja apepese, basi. Kifaranga na jogoo wanapata tone sawa. Kuku anayeumwa simchanji, maana chanjo haitibu. Kila miezi 4 tunarudia. Nchini mwetu kampeni ni Machi, Julai na Novemba. Bei ya kumchanja kuku mmoja haifiki bei ya yai lake.

Mbwa nao wasisahauliwe kwa kuwa wengi hatuwafugi ndani. Kisiwa cha Pemba, yaani Pemba ya Zanzibar na siyo mji mkuu wa mkoa wetu, kilifaulu kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa kwa kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji. Ulirudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukaisha tena. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakatika. Chanjo ya mbwa ni rahisi. Sindano za mtu aliyeng'atwa ni nyingi na ghali, na dalili zikishatokea hakuna hospitali duniani inayotegemewa kumponya.

Mtaani kwetu wanawake wa upatu tumeanza jambo dogo. Kila mwenye mbuzi anachangia kidogo kila mwezi kwenye kisanduku cha dawa: ya minyoo, ya kupe, dawa ya jeraha, sindano safi. Daftari lina jina la mwenye mali, rangi ya mbuzi, alama ya sikio, tarehe ya dawa na ya chanjo. Mbuzi akifa, wanawake wawili wanautazama mzoga, wanaandika walichokiona, na mfuko ukiwa na pesa unamchangia mwenye msiba. Aliyekataa chanjo hapati. Mfuko huu hauwezi kuhimili maradhi yanayofagia kijiji kizima, na hapo ndipo kampuni kubwa yenye mtaji inahitajika kweli. Ila sisi tumeshapata kile ambacho kila kampuni ya bima itakiulizia: orodha ya mifugo, kumbukumbu za chanjo, na mashahidi waliokuwepo.

Anayetaka kutuuzia bima ya mifugo Palma, iwe kampuni ya Maputo au ya Dar es Salaam, iwe ya kawaida au ya takafuli, tunamkaribisha. Aje na afisa mifugo anayelipwa kukaa hapa, mwenye dawa na mafuta ya pikipiki, na mkataba uandikwe kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na ukurasa wa vita usomwe kwa sauti mbele ya watu.