Treni inayokushusha kwenye barafu

WAKATI wewe Desemba unatafuta feni, kuna wenzako wanapanda treni wakiwa wamevaa makoti mazito, glavu na kofia za sufu. Wanaelekea Jungfraujoch, Uswisi, stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote Ulaya: mita 3,454 kutoka usawa wa bahari.

Safari inaanzia Kleine Scheidegg, chini ya mlima Eiger. Njia ni kilomita 9 na ushee, na zaidi ya 7 kati ya hizo ziko ndani ya mwamba. Upana wa reli ni mita moja, sawa na ile reli yetu ya kati ya zamani, ila katikati imewekwa chuma chenye meno ili treni isiserereke. Tena tangu mwanzo ni umeme mtupu, hakuna mambo ya moshi.

Aliyebuni mpango huu mwaka 1893 ni tajiri mmoja, Adolf Guyer-Zeller. Kazi ikaanza 1896, akitegemea itachukua miaka 7 na treni itafika karibu na kilele cha Jungfrau. Thubutu! Ilichukua miaka 16. Mzee mwenyewe alifariki 1899, na mwaka huohuo mlipuko uliua vibarua sita. Wengi wa waliochimba handaki hilo walikuwa Waitalia waliofuata riziki. Kileleni hawakufika, stesheni ikafunguliwa hapo ilipo, Agosti 1, 1912.

Ila kisa cha kutoa machozi ni cha Julai 1936. Vijana wanne walikuwa wakiukwea ukuta wa kaskazini wa Eiger, ambao handaki lina tundu la kutokea. Hali ya hewa ikachafuka, wakaamua kurudi, na njiani watatu wakafa. Akabaki Toni Kurz, kijana wa miaka 23, ananing'inia kwenye kamba usiku kucha.

Waokoaji walikuja kwa treni, wakatokea kwenye lile tundu. Kamba waliyompa haikutosha, wakaiunga na nyingine kwa fundo. Akaanza kushuka, kidogo kidogo. Fundo likagoma kupita kwenye pete yake ya chuma. Akahangaika nalo kwa mikono iliyokufa ganzi hadi akaishiwa nguvu, akafia palepale, mita chache tu juu ya vichwa vya waliokuja kumchukua.

Leo juu kule mambo ni burudani: mikahawa, pango la barafu, na mandhari ya Aletsch, barafuto refu kuliko yote ya milima ya Alps, ingawa joto la dunia linazidi kulila.

Ukibahatika kufika, usikimbilie ngazi kama unawahi daladala. Hewa ya kule ni nyepesi, kichwa kitakugonga. Na treni ikiingia gizani, usilale: nje ya mwamba huo ndipo fundo lilipogoma.