Sauti ya ordinatere bila kutafuta suri: namna ya kujichagulia vitufe vyako

Mtangazaji iko hewani, mikro iko wazi, na muziki unaotoka kwenye ordinatere unafunika sauti ya mgeni wake. Inabidi atafute suri, apeleke mshale pembeni mwa ekra, afungue kile kipaza sauti kidogo, kisha avute mstari. Ni sekunde chache tu, lakini kwa antene kila mtu anasikia. Mwenye kuchezesha muziki kwenye arusi, mwalimu anayeonyesha video darasani na mtu asiyeona wanaijua shida hiyo vilevile.

Klavye nyingi za leo ziko na vitufe vya sauti, mara nyingi kwa Fn pamoja na kimoja kati ya F1 mpaka F12. Lakini ordinatere nyingi tunazotumia hapa kwetu ni za okazyo: Fn imekufa, ao klavye ni ya zamani na haina vitufe hivyo kabisa. Habari njema ni kwamba unaweza kuchagua vitufe vingine ambavyo bado ni vizima, na ukaviambia: wewe utapandisha sauti, wewe utashusha, wewe utazima. Hauhitaji kununua kitu.

Kwa wenye Linux (Ubuntu)

Hapa ni rahisi zaidi, hakuna kitu cha kupakua. Fungua Paramètres, ingia Clavier, halafu sehemu ya raccourcis. Tafuta Son et média. Utaona mistari ya kupandisha, kushusha na kuzima sauti. Bofya mstari mmoja, kisha bonyeza vitufe unavyotaka. Imeisha.

Kwa wenye Windows

Windows yenyewe haina mahali pa kuchagulia vitufe vya sauti. Inabidi programu ya kuisaidia, na ziko mbili za bure.

Ya kwanza ni PowerToys ya Microsoft. Ndani yake kuna sehemu ya klavye ambako unachagua kitufe na kazi yake bila kuandika kitu. Lakini inakula mega nyingi kuipakua, na haiingii kwenye Windows 7.

Ya pili ni AutoHotkey, iliyoanza mwaka 2003. Hii ni nyepesi, mega chache tu, na inafanya kazi hata kwenye Windows 7. Ukiisha kuiweka, hauhitaji tena intaneti. Hatua ni hizi:

1. Pakua AutoHotkey toleo la 2 kwenye tovuti yake yenyewe, autohotkey.com, na uiweke.
2. Fungua Bloc-notes, uandike mistari hii mitatu:

^!PgUp::SoundSetVolume "+5"
^!PgDn::SoundSetVolume "-5"
^!End::SoundSetMute -1

3. Hifadhi faili kwa jina sauti.ahk. Kabla ya kuhifadhi, chagua Tous les fichiers pale chini, kama sivyo Bloc-notes itaongeza .txt nyuma ya jina na haitafanya kazi.
4. Bofya faili mara mbili. Sasa jaribu.

Alama ya ^ ni Ctrl, alama ya ! ni Alt. Kwa hiyo Ctrl, Alt na Page Up pamoja vinapandisha sauti kwa 5 juu ya 100. Ctrl, Alt na Page Down vinashusha. Ctrl, Alt na kitufe cha Fin vinazima, na ukivibonyeza tena sauti inarudi. Ukiona 5 ni nyingi, andika 2.

Kwenye klavye ya AZERTY, alama ya ^ inatoka ukibonyeza kitufe kilicho kando ya P, halafu espace.

Ili faili ianze yenyewe kila mara ordinatere inapowaka, jambo la maana pale umeme unapokatika kila siku, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha Entrée. Folda itafunguka. Weka humo faili yako.

Usichague vitufe ovyo

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwenye Windows, AltGr inahesabiwa kama Ctrl na Alt pamoja. Alama ya @ tunaiandika kwa AltGr na 0 kwenye klavye ya Kifaransa, ao AltGr na 2 kwenye ile ya Kibelgiji. Ukiipa sauti Ctrl, Alt na 0, siku utakayotaka kuandika imeli, @ itakataa kutoka na sauti itacheza mahali pake. Ndiyo maana mistari ya hapo juu inatumia Page Up, Page Down na Fin: hakuna herufi inayopotea.

Tena, kwenye ordinatere kadhaa zenye karte ya Intel, Ctrl, Alt na mishale vinageuza ekra kichwa chini. Epuka mishale. Na kama kuna mtu asiyeona anayetumia NVDA, ile programu ya bure inayosoma ekra kwa sauti, usiguse kitufe cha Inser, kwa sababu NVDA inakitumia. Kitufe cha kuzima nacho kiwe mbali na vile anavyobonyeza kila mara. Sauti ikizimika bila yeye kujua, hana tena njia ya kujua nini iko kwenye ekra.

Kwa wenzetu wa redio

Vitufe hivi vinagusa sauti yote ya ordinatere. Kama ndiyo hiyo hiyo inayopeleka muziki na matangazo kwenye mikseri, ukizima, antene nayo inanyamaza. Kwa hewani, shusha kwa mikseri kwanza. Vitufe vinafaa zaidi kwa ordinatere ya kutayarishia habari, ao pale hakuna mikseri kabisa.

Na kama kinachokusumbua ni mlio wa ujumbe unaoingia katikati ya habari, dawa yake ni nyingine. Bofya kulia kwenye kipaza sauti cha chini ya ekra, fungua Mélangeur de volume, na ushushe Sons système peke yake. Muziki utaendelea, mlio utakaa kimya.

Neno la usalama

Faili ya AutoHotkey inaweza kufanya mambo mengi kuliko kupandisha sauti. Inaweza hata kurekodi kila kitu unachoandika, na neno la siri ndani yake. Usikubali faili ya .ahk inayotembea kwa kle ya USB ao WhatsApp bila kuifungua kwanza ndani ya Bloc-notes na kuisoma. Yako iko na mistari mitatu tu. Ukikuta mia moja, jiulize zile zingine zinafanya kazi gani.