Trekta la 'fowili': Faida zake na mipaka yake shambani

WAKAZI wengi wa mijini wenye mashamba mikoani hununua matrekta kwa mikopo. Baadhi yao hulenga mashamba yao wenyewe, na wengine hufanya biashara ya kuwalimia majirani kwa malipo ya kila ekari. Tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipozinduliwa mwaka 2009, biashara hiyo imewavutia hata watu ambao hawajawahi kushika usukani wa trekta.

Wanapofika kwenye duka la zana, hukutana na swali linalogusa mfuko moja kwa moja: wachukue trekta linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, au lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, maarufu kama "fowili", ambalo bei yake ni kubwa zaidi?

Anayekosea upande mmja huishia na trekta lililokwama kwenye tope wakati mvua haisubiri mtu. Anayekosea upande wa pili hulipa riba kwa uwezo ambao shamba lake halitauhitaji kamwe.

Tofauti iko wapi?

Kila trekta la kawaida lina magurudumu manne. Kinachotofautisha ni magurudumu mangapi yanapokea nguvu ya injini. Katika trekta la kawaida, nguvu yote huenda nyuma, na matairi ya mbele kazi yake ni kuongoza tu. Katika fowili, ekseli ya mbele nayo ina difu na gia zake, na dereva huiunganisha au kuitenganisha kwa kutumia mkono wa gia au kitufe.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba fowili haiongezi nguvu ya injini. Trekta la nguvu farasi 75 hubaki na nguvu farasi 75. Kinachobadilika ni kiasi cha nguvu hiyo kinachofika ardhini na kuvuta plau, badala ya kupotea wakati matairi yanapozunguka mahali pamoja.

Siri iko kwenye uzito. Tairi haliwezi kuvuta kama halikandamizi ardhi. Katika trekta la magurudumu mawili, takriban asilimia 70 ya uzito hukaa nyuma na 30 mbele. Kwa trekta la tani tatu, hiyo ina maana kwamba karibu kilo 900 zinabebwa na matairi yasiyosaidia kuvuta, na ambayo kwenye udongo laini huzama na kulizuia trekta lenyewe. Fowili huugeuza mzigo huo kuwa nguvu ya kuvuta.

Mahali inapolipa

Faida huonekana zaidi kwenye ardhi yenye maji, udongo laini na kazi nzito. Mashamba ya mpunga ya Kilombero na Usangu ni mfano mzuri. Mwingine ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaojulikana Usukumani kama mbuga, ambao ukipata mvua hunata na kuteleza kwa pamoja. Hapo trekta la magurudumu mawili hulazimika kusubiri siku kadhaa ardhi ikauke, wakati fowili huweza kuingia mapema zaidi. Kwa mkulima anayetegemea mvua, siku hizo chache zinaweza kuamua kama mbegu itapandwa kwa wakati au itachelewa.

Faida ya pili ni dizeli. Matairi yanayoteleza huteketeza mafuta bila kulima. Kwa kawaida, kuteleza kwa asilimia 10 hadi 15 ni jambo linalokubalika kwa trekta la magurudumu mawili, na asilimia 8 hadi 12 kwa fowili. Kiasi kikizidi hapo, mwenye trekta analipia moshi.

Ya tatu ni usalama kwenye mteremko. Matrekta mengi hayana breki kwenye magurudumu ya mbele. Fowili ikiunganishwa wakati wa kuteremka na tela lenye mzigo, injini husaidia kuyazuia magurudumu yote manne badala ya mawili.

Mipaka yake

Kwenye udongo mkavu na mwepesi, kama ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, faida hiyo hupungua sana. Kwa kazi kama kupanda, kupiga dawa au kuvuta tela kwenye barabara nzuri, trekta la magurudumu mawili hutosha. Isitoshe, huwa jepesi na hukata kona kwa urahisi zaidi mwisho wa mstari, jambo muhimu kwenye mashamba madogo ya ekari moja au mbili.

Kosa linaloharibu mashine nyingi ni kuacha fowili ikiwa imeunganishwa kwenye lami. Matairi ya mbele ni madogo, hivyo gia zake hupangwa ili yajaribu kutembea haraka kidogo kuliko ya nyuma, kwa asilimia 1 hadi 5. Shambani tofauti hiyo humezwa na udongo. Kwenye lami haina pa kwenda: matairi husagika na gia hukazana. Madhara hayo hayo hutokea mwenye trekta anapobadilisha matairi ya upande mmoja, mbele au nyuma, kwa kuweka ya ukubwa usiolingana na uliopangwa na kiwanda.

Matunzo nayo huongezeka. Difu ya mbele na gia zilizo kwenye magurudumu zinahitaji mafuta yake, na sili zake zinapolika, tope na maji huingia. Anayenunua trekta lililotumika hana budi kuikagua ekseli hiyo kwa makini, kwa sababu kuitengeneza ni gharama kubwa.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba fowili hailimi ardhi ikawa ngumu. Trekta linaloweza kuingia kwenye shamba lililolowa linaweza pia kuushindilia udongo chini, na tabaka gumu linalobaki huzuia mizizi na maji. Kuweza kuingia shambani hakumaanishi kwamba ardhi iko tayari kulimwa. Vilevile, fowili hupanda mlima ambao trekta jingine lingeshindwa, lakini hailizuii trekta kupinduka. Dereva huweza kujikuta mahali ambapo hawezi kugeuza wala kushuka salama.

Njia za bei nafuu

Kabla ya kulipa bei ya fowili, mwenye trekta la magurudumu mawili ana mambo ya kujaribu. Anaweza kuongeza vyuma vya uzito, kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, kurekebisha upepo kulingana na maelekezo ya kiwanda, na kubadilisha matairi yaliyoisha meno. Kufunga difu husaidia gurudumu moja linapoteleza, mradi trekta liwe linakwenda moja kwa moja. Kwenye majaruba, magurudumu ya vyuma hutumika kwa kazi hiyo hiyo.

Kipimo cha kuteleza nacho ni rahisi. Dereva hutia alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma, kisha hupima umbali wa mizunguko 10 shambani, plau ikiwa imeinuliwa. Hurudia plau ikiwa ardhini. Kama mara ya kwanza trekta lilikwenda mita 45 na mara ya pili mita 36, basi limeteleza kwa asilimia 20. Hapo kuna tatizo la uzito, la matairi, la plau kubwa kupita kiasi, au kweli panahitajika fowili.

Tanzania ina kumbukumbu ya gharama ya kuitanguliza mashine mbele ya ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, wakaleta matrekta mengi. Udongo wa huko ulipokauka kiangazi ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja zana, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

Kwa mnunuzi wa leo, maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini mkopo ni machache: udongo wa eneo hilo ni wa aina gani, unalimwa ukiwa na unyevu kiasi gani, na katika mwaka trekta litalima siku ngapi na kuvuta tela siku ngapi. Kama siku nyingi ni za tope na plau nzito, bei ya ziada itarudi. Kama nyingi ni za barabarani na udongo mkavu, fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia plau nzuri, matairi na vipuri.