Ugonjwa Mdogo Unaokataa Kupona

Huku Buluo, mtoto akichemka mwili, mama hufikiria malaria kwanza, na mara nyingi hakosei. Kikohozi na kuhara navyo huja na kuondoka. Kwa hiyo kuhesabu tu mara ambazo mtoto ameugua hakutufikishi mbali katika kumtambua mwenye upungufu wa kinga. Kinachofichua zaidi ni aina ya ugonjwa: kimelea ambacho watoto wenzake hukishinda bila hata kujua kimewagusa.

Chanjo ya BCG, inayotolewa mtoto anapozaliwa, ina bakteria hai waliodhoofishwa. Wiki chache baadaye hutokea kipele, kidonda kidogo, kisha kovu. Tezi ya kwapa inaweza kuvimba hata kwa mtoto mwenye afya njema. Lakini kidonda kikizidi kupanuka, tezi za sehemu mbalimbali zikatoa usaha, homa ikakataa kuisha na mtoto akakonda, huenda bakteria hao wanyonge wamesambaa kwa kukosa wa kuwazuia. Tusiilaumu chanjo, inawakinga wachanga dhidi ya kifua kikuu cha ubongo.

Utando mweupe mdomoni nao ni jambo la kawaida kwa mchanga. Ukirudi tena na tena baada ya miezi sita, uchunguzwe.

Kipimo cha kwanza ni cha VVU. Chini ya miezi 18, kipimo cha kingamwili hupotosha, kwani mtoto bado anabeba kingamwili za mama. Itafutwe chembe ya virusi vyenyewe katika tone la damu la kisigino. Majibu yakiwa safi, tusiishie hapo, kwani kinga inaweza kuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1952 daktari Mmarekani Ogden Bruton alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeshambuliwa mara kwa mara na bakteria, ambaye damu yake haikuwa na kingamwili.

Baadhi ya kasoro za kinga za kuzaliwa nazo hupitia kwa mama na kuwapata wavulana. Muulizeni mama kama kaka zake au wajomba zake walifariki wachanga. Inaniuma kwamba vifo vya namna hiyo husingiziwa uchawi, na mjane au bibi akabebeshwa lawama.

Hesabu ya kawaida ya damu inaweza kusaidia: kwa mtoto wa miezi michache, limfosaiti chini ya 3,000 kwa mikrolita ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu Lubumbashi, na kusimamisha chanjo nyingine zilizo hai hadi aonwe.